Faji ya viungo, kitamutamu cha Desemba kisichoingia oveni

Desemba inapoingia, oveni katika nyumba nyingi za Marekani haipumziki. Bata mzinga ana zamu yake, paja la nguruwe lina zamu yake, biskuti za tangawizi zinangoja sinia la kwanza litoke, na pai za maboga bado hazijaguswa. Katikati ya heka heka hizo kuna kitamutamu kimoja ambacho hakigombei nafasi na chochote. Faji, donge laini la maziwa, sukari, siagi na chokoleti, huchanganywa juu ya moto mdogo, ikamiminwa katika chombo cha mraba, ikaachwa igande, kisha ikakatwa vipande vya kutosha mdomo mmoja. Ikitiwa mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu, inakuwa faji ya viungo, na harufu yake hukutana na mgeni mlangoni kabla hajavua koti.

Anayeijaribu kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi ilivyo rahisi. Robo saa jikoni, saa mbili tatu ndani ya friji, basi. Hata mtoto wa miaka kumi akisimamiwa anaiweza. Urahisi huo lakini haukuwapo tangu mwanzo. Kwa miongo kadhaa faji ilikuwa miongoni mwa vitamutamu vilivyowatoa wapishi jasho, na kilichoiokoa ni kopo la maziwa lililobuniwa kwa sababu nyingine kabisa.

Faji haina historia ndefu. Moja ya kumbukumbu zake za awali ni barua ya Emelyn Battersby Hartridge, aliyesoma katika chuo cha wanawake cha Vassar, Poughkeepsie, jimbo la New York, na ambaye baadaye aliongoza shule ya wasichana huko New Jersey. Hartridge alieleza kwamba mwaka 1886 binamu wa mwanafunzi mwenzake alikuwa akitengeneza kitamutamu hicho mjini Baltimore, kikiuzwa dukani kwa senti 40 kwa ratili. Akaomba maelekezo, akayapata, akayabeba hadi chuoni. Mwaka 1888 alipika ratili 30, yaani karibu kilo 14, kwa ajili ya mnada wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mahitaji yalikuwa manne tu: sukari nyeupe, krimu, chokoleti isiyo na sukari, na siagi.

Kutoka Vassar faji ilienea hadi vyuo vingine vya wanawake, vikiwemo Smith na Wellesley, na kila chuo kikawa na namna yake. Wasichana waliipika usiku mabwenini, juu ya majiko madogo ya spiriti na miali ya taa za gesi, saa ambazo kanuni ziliwataka wawe wamelala.

Mahitaji manne, na bado ilikuwa kazi. Shida yote ilikuwa kwenye sukari. Sukari iliyoyeyuka ndani ya maziwa ya moto haitulii. Maji yakipungua na mchanganyiko ukaanza kupoa, sukari hutafuta kurudi kuwa chembe. Chembe zikiwa ndogo mno, ulimi hauzihisi na faji huwa laini. Zikiwa kubwa, mlaji anazihisi moja moja, na hapo faji imeshaharibika. Kwa hiyo mpishi alilazimika kuichemsha hadi nyuzi 112, isizidi 116 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto alidondosha tone katika bakuli la maji baridi: likijikusanya kuwa kidonge kinachobonyea kati ya vidole, sufuria iliepuliwa.

Kisha likaja la kungoja. Sufuria iliachwa pale, isiguswe wala isitikiswe, hadi joto lishuke kufikia nyuzi 43 hivi, kwa sababu mwiko unaoingia mapema ndio unaozaa chembe kubwa. Baada ya hapo mpishi alishika mwiko na kuanza kukoroga kwa nguvu, dakika kumi, pengine ishirini, macho yakiwa usoni pa faji. Mwanzoni uso huo unang'aa na mchanganyiko unateleza. Halafu, bila onyo kubwa, mng'ao unafifia, rangi inapauka kidogo, na mwiko unakuwa mzito mkononi. Ni sekunde hizo hizo za kumimina. Aliyegeuka kumjibu mtu mlangoni alirudi kukuta donge limekwisha kuganda sufuriani.

Hali ya hewa nayo ilikuwa na neno lake. Sukari hunyonya unyevu, na siku ya mvua faji ya kuchemshwa hukataa kukaza. Watengenezaji wa vitamutamu hulijua hilo vizuri, na ni sababu mojawapo iliyofanya majira ya baridi, yenye hewa kavu ndani ya nyumba, yawe msimu mwema wa kuipika nyumbani.

Mahali ambapo ufundi huo wa zamani unaonekana hadi leo ni kisiwa cha Mackinac, katika Ziwa Huron, jimbo la Michigan, kisiwa kilichopiga marufuku magari tangu mwaka 1898 na ambacho watu wake bado husafiri kwa farasi na baiskeli. Familia ya Murdick ilianza biashara ya vitamutamu huko miaka ya 1880, na maduka ya faji yamejipanga barabara kuu nzima. Faji iliyochemka humiminwa juu ya meza pana ya marumaru, jiwe linalovuta joto haraka, na mtengenezaji huizunguka meza akiwa na koleo refu, akikunja kingo kuelekea katikati, tena na tena, mpaka ule uji unaotiririka ugeuke kuwa gogo linalosimama lenyewe. Watalii husimama dirishani kutazama. Huko faji ni jambo la kiangazi, kwa kuwa wageni hufika wakati huo na baridi ikiingia kisiwa hufunga maduka mengi. Majumbani mambo ni kinyume: faji hutoka kabatini pamoja na mapambo ya mti wa Krismasi.

Sasa lile kopo. Mwaka 1851 Gail Borden, mbunifu aliyekuwa akiishi Texas, alikuwa melini akirudi Marekani kutoka London. Ng'ombe waliopakiwa kwa ajili ya maziwa ya abiria waliugua, na watoto wachanga wakafa safarini. Borden alitua akiwa na wazo moja la kutafuta maziwa yasiyoharibika. Kwa jumuiya ya kidini ya Washeka, huko New Lebanon, New York, aliona chungu kinachopunguza maji ya sharubati kwa kuondoa hewa ndani yake, hivyo kimiminika huchemka kwa joto dogo bila kuungua. Akakitumia kwa maziwa. Hataza yake ilitolewa Agosti 1856, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, jeshi la Kaskazini likawa mnunuzi mkubwa wa maziwa hayo, yakiwa yametiwa sukari. Wanajeshi waliorudi nyumbani walikuwa wameshaizoea ladha hiyo nzito na tamu.

Hakuna aliyekuwa akifikiria faji. Lakini kilichomo ndani ya kopo hilo ni ile kazi ngumu ikiwa imekwisha kufanywa. Maziwa yamekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya maji yake, na sukari, ambayo ni karibu asilimia 45 ya uzito wake, imeyeyuka na kutulia. Kiwango hicho cha sukari huyafunga maji yaliyobaki kiasi kwamba vijidudu haviwezi kuyatumia, ndiyo maana kopo lisilofunguliwa hukaa muda mrefu kabatini. Mpishi akiyachanganya maziwa hayo na chokoleti iliyoyeyushwa, hahitaji tena kuhesabu nyuzi wala kukoroga hadi mkono ufe ganzi. Kinachogandisha mchanganyiko huu si chembe za sukari bali siagi ya kakao iliyomo ndani ya chokoleti, mafuta yanayoyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu, na kukaza yakipoa. Faji hushika ikiwa mezani na hulegea ikifika mdomoni.

Njia nyingine ya mkato ilitumia krimu ya mashimalo, ile sukari iliyopigwa ikawa povu zito. Mke wa Rais Dwight Eisenhower, Mamie, alikuwa na faji yake ya namna hiyo iliyopata umaarufu mkubwa miaka ya 1950, na mwaka 1956 kampuni ya Durkee-Mower ya Massachusetts ilianza kueneza maelekezo ya faji isiyoharibika kwa kutumia krimu yake. Ile nayo ni tamu, ila sukari bado inachemshwa. Ya maziwa ya kopo ndiyo nyepesi kuliko zote.

Wapo wanaosema hii si faji halisi, na wana hoja. Faji ya kuchemshwa humeguka kwa wepesi kwenye jino. Hii ya kopo ni nzito zaidi, inashikana, na mlaji makini hutambua tofauti kwa kipande cha kwanza. Hata hivyo, likija suala la viungo, njia rahisi inaishinda ile ya zamani. Harufu ya mdalasini, karafuu na iliki imo katika mafuta mepesi yanayoruka hewani yakipata joto kali. Kiungo kilichotiwa mapema katika sukari inayochemka kwa nyuzi 115 huacha sehemu kubwa ya harufu yake darini. Chokoleti na maziwa ya kopo vinahitaji joto la kuyeyusha tu, na ndani yake kuna siagi na siagi ya kakao, na mafuta ya viungo huyeyuka vizuri ndani ya mafuta kuliko ndani ya maji. Kinachotiwa ndicho kinacholiwa.

Kwa nini viungo hivi hasa, na kwa nini Desemba? Ulaya ya zamani ilivinunua kwa bei kubwa, vikiwa vimesafiri mbali kwa majahazi na ngamia, hivyo vilitunzwa kwa ajili ya sikukuu. Mikate ya tangawizi ya Nuremberg, Ujerumani, yenye mdalasini, karafuu na iliki, ni ya desturi hiyo, na wahamiaji walivuka nayo Atlantiki. Marekani ikaongeza boga. Mwaka 1934 kampuni ya McCormick ilianza kuuza kichupa cha viungo vya pai ya maboga vilivyokwisha kuchanganywa: mdalasini, tangawizi, kungumanga na vinginevyo vya jamii hiyo. McCormick ilianzishwa Baltimore mwaka 1889, miaka mitatu tu baada ya faji kuuzwa kwa senti 40 katika mji huo huo. Leo kichupa cha namna hiyo, cha kampuni hii au ile, kipo karibu kila jiko la huko, na ndicho wengi wanachokidondoshea faji yao.

Msomaji wa pwani ana haki ya kuisimulia hadithi hii kutoka upande wake. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Unguja kuchukua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Tarehe 30 Aprili 1840 safari ilikwenda upande wa pili: meli ya Sayyid, Sultana, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, iliingia bandari ya New York, na miongoni mwa shehena yake yalikuwamo magunia ya karafuu. Ilikuwa miongo mingi kabla ya mtu yeyote kuwaza kutia karafuu ndani ya faji. Karafuu hizo zililimwa na kuchumwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Hilo haliwezi kuachwa nje pale ladha ya karafuu inaposifiwa.

Tufani ya mwaka 1872 iliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hili. Karafuu ni ua ambalo halijafunguka. Wachumaji hupanda mtini na kuvuta matawi karibu, wakakata vikonyo vyenye vichwa vilivyoanza kupata wekundu kabla petali hazijachanua, kwa kuwa ua likichanua thamani imekwenda. Nyumbani familia hukaa chini kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Karafuu huanikwa juu ya majamvi siku kadhaa hadi ziwe kahawia iliyokolea, na makonyo nayo hayatupwi, hukamuliwa mafuta. Wakati wa msimu harufu hufika barabarani kabla jamvi halijaonekana. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar leo huelekea Asia, na jiko la Marekani huenda likapata zake kutoka Madagaska au kwingineko. Lakini mtu wa Chake Chake au Wete akipewa kipande cha faji ya Krismasi atajua papo hapo ni nini kilichomo.

Tuingie jikoni. Kwa chombo cha mraba cha sentimita 20 kila upande, mahitaji ni kopo 1 la maziwa mazito matamu la gramu 397, chokoleti nyeusi gramu 480, siagi gramu 30, chumvi robo kijiko cha chai, na vanila kijiko kimoja cha chai. Viungo ni mdalasini kijiko kimoja na nusu cha chai, tangawizi ya unga kijiko kimoja, kungumanga robo kijiko, na karafuu iliyosagwa nusu ya robo hiyo, basi. Chokoleti yenye kakao kati ya asilimia 50 na 60 ndiyo inayofaa zaidi, maana maziwa yenyewe yana sukari ya kutosha, na uchungu kidogo wa kakao huvipa viungo mahali pa kusimama. Chokoleti iliyotengenezwa kwa mafuta mengine ya mimea badala ya siagi ya kakao huganda vibaya na huacha utando mdomoni. Wanaoweza kupata chokoleti inayotokana na kakao ya Kyela, Mbeya, au ya Bundibugyo, Uganda, wana sababu nzuri ya kuitafuta.

Kosa la kawaida kuliko yote hufanyika dukani, si jikoni. Kuna kopo la maziwa mazito yenye sukari, na kando yake kuna kopo la maziwa yaliyopunguzwa maji tu, yasiyotiwa sukari. La pili litatoa mchuzi wa chokoleti usioganda hata ukikaa wiki nzima. Soma kopo kabla ya kulipa.

Chombo kitandikwe karatasi ya kuokea, kingo zake zikining'inia nje ili baadaye donge livutwe kwa urahisi. Chokoleti ikatwe vipande vidogo. Katika sufuria nzito, siagi iyeyushwe kwa moto mdogo kabisa, kisha viungo vyote vya unga vitiwe humo kwanza, peke yake, na kukorogwa kwa nusu dakika. Hapa ndipo faji ya viungo inapotengenezwa. Siagi inabadilika rangi kuwa kahawia, povu dogo linapanda kuzunguka unga, na harufu ambayo ilikuwa imelala katika kichupa inajaza chumba. Ikianza kunukia kama kitu cha kukaangwa, moto umezidi. Epua mara moja. Maziwa ya kopo yafuate, pamoja na chumvi, yakorogwe mpaka yapate moto bila kuchemka. Sufuria iepuliwe, chokoleti imwagwe yote kwa pamoja, iachwe dakika mbili izame na kulainika, ndipo mwiko uingie.

Mwanzoni mchanganyiko utaonekana umeshindikana, mabonge huku na michirizi ya maziwa kule. Endelea taratibu kutoka katikati kuelekea pembeni. Baada ya dakika moja au mbili unashikana ghafla, unakuwa mzito, unang'aa, na unaachana na kuta za sufuria. Tia vanila, koroga mara ya mwisho, mimina, sawazisha kwa mgongo wa kijiko. Saa 2 hadi 3 ndani ya friji zinatosha. Kisu kichovywe katika maji ya moto na kufutwa kikauke kabla ya kila mkato, na donge likatwe mistari sita kwa sita, vipande 36 vya gramu 25 hivi kila kimoja. Ni vidogo, na ndivyo vinavyopaswa kuwa; kopo moja peke yake lina sukari ya kuongezwa karibu gramu 175, na chokoleti inaongeza yake.

Anayetumia maikrowevu aende kwa nguvu nusu, sekunde 30 kila mara, akikoroga kila anaposimama. Chokoleti iliyozidishiwa joto hukauka na kuwa chengachenga, na haina dawa ya uhakika. Mafuta yakijitenga na kuelea juu, kijiko kimoja au viwili vya maziwa ya moto vikikorogwa kwa nguvu mara nyingi huyarudisha. Tone la maji lililoingia katika chokoleti inayoyeyuka peke yake ni hatari nyingine, hulifanya donge likakamae. Vyombo na mwiko viwe vikavu kabisa.

Viungo vya kusaga nyumbani vinashinda vya kichupa kwa mbali, hasa kungumanga, ambayo hupoteza utamu wake mwingi inaposagwa na kuachwa. Ikwaruzwe siku hiyo hiyo. Karafuu ipimwe kwa hofu. Mafuta yake mengi ni eujenoli, dawa ile ile ambayo madaktari wa meno huitumia kutia ganzi, na faji yenye karafuu nyingi huufanya ulimi usihisi tena chokoleti. Kuhusu mdalasini, gome jembamba linalojikunja tabaka nyingi, lile la Sri Lanka na la Zanzibar, lina harufu pole inayokwenda vizuri na maziwa. Gome nene la kasia, ambalo ndilo linalouzwa zaidi Marekani, ni kali na linahitaji kupunguzwa kidogo.

Kwa jiko la Mswahili kuna toleo ambalo pengine litapendwa kuliko hilo la Kimarekani. Watu wa Unguja, Mombasa, Lamu na Muscat wamekulia kwenye halua inayokorogwa katika sufuria kubwa ya shaba, sukari, wanga na samli, iliki, kungumanga na zafarani, mpaka mwiko usimame. Kashata za nazi nazo ni sukari iliyofikishwa mahali pake na kukatwa ikiwa bado vuguvugu. Vinywa hivyo havihitaji kufundishwa chochote kuhusu kitamutamu kizito chenye iliki. Basi badala ya chokoleti nyeusi itumike nyeupe, gramu 550 kwa kopo lile lile, maana chokoleti nyeupe haina unga wa kakao wa kuisaidia kukaza. Viungo viwe iliki iliyotwangwa papo hapo, robo tatu ya kijiko cha chai, na nyuzi chache za zafarani zilizolowekwa katika kijiko cha maziwa ya kopo yaliyopashwa moto, kamwe si katika maji. Juu yake zinyunyizwe korosho zilizokaangwa na kukatwakatwa, za Mtwara kwa aliye karibu nazo, zikibonyezwa kwa kiganja ili zishike. Chokoleti nyeupe huungua upesi kuliko nyeusi, hivyo moto uwe mdogo zaidi. Rangi inayotoka ni ya manjano hafifu, na iliki husikika wazi kwa sababu hakuna uchungu wa kakao wa kushindana nayo.

Toleo hili lina maana ya pekee kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi kwenye baridi. Miaka ya karibuni Wakongo wengi, Kiswahili kikiwa lugha yao ya kila siku, wamepewa makazi Marekani kama wakimbizi, wakitanguliwa na Wakenya na Watanzania waliokwenda kusoma na kufanya kazi huko na Kanada. Desemba majirani na wafanyakazi wenza hupeana vibati vya vitamutamu vilivyotengenezwa nyumbani, na mgeni hujikuta amepokea kibati bila kuwa na cha kurudisha. Iliki na zafarani hupatikana katika maduka ya Kihindi, Kisomali na Kiarabu ya miji mingi, kwa bei nafuu kuliko katika maduka makubwa. Kibati cha faji ya iliki na korosho ni jibu la heshima, nacho kinampelekea jirani kitu ambacho hakukionja kwa mtu mwingine. Muhimu kumwambia mpokeaji kama kuna korosho au lozi ndani, kwa ajili ya wenye mzio.

Faji hustahimili safari vizuri kuliko keki. Kila kipande kifungwe katika karatasi ya nta, vipangwe vikibanana ndani ya kibati ili visigongane, na katikati ya tabaka iwekwe karatasi nyingine. Mahali penye ubaridi hukaa wiki 2 bila tatizo, na kwenye friza miezi 2 hadi 3. Ikitolewa humo iachwe ubaridi uishe ikiwa bado imefungwa, la sivyo unyevu wa hewa hutua juu yake na kuifanya inate. Vipande vya pembeni vilivyokatika vibaya havina budi kubaki jikoni: viwili vikikorogwa ndani ya kikombe cha maziwa ya moto, ni kinywaji cha chokoleti chenye viungo vyake tayari.

Dar es Salaam au Mombasa Desemba ni joto, nyuzi 30 na zaidi, na siagi ya kakao haishiki vizuri hapo. Anayeitengeneza huko aongeze gramu 50 za chokoleti, aiache ndani ya friji usiku kucha, na aitoe dakika tano tu kabla ya wageni kuketi, kidogo kidogo, sahani ya pili ikingoja ndani.